Kilo Mia Tatu za Kumpelekea Mama

Siku mliyoniaga mlikata keki iliyopakwa sukari ya kijani kufanana na ukuta wa karakana, na bosi akaniomba niandike kurasa mbili za maelezo ya kazi, ili atakayeshika nafasi yangu asianze gizani. Nilianza kwa Kiingereza. Nikaandika "Hatua ya kwanza," nikakaa wiki nzima nikiitazama. Kati yenu sita, wanne mnagombana, mnataniana na kuazimana spana kwa Kiswahili, basi nimeona niandike kwa lugha mnayonisengenyea. Wale wawili mtawatafsiria. Kurasa zimezidi mbili, na bosi anisamehe.

Kwa yeyote asiye wa kazi hii, tunachouza pale karakana ya Seven Hills, Sydney, ni kampa: kijumba kizima chenye kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji, kinachobebwa mgongoni mwa pikapu. Hakina magurudumu yake. Kina miguu minne ya jeki, mmoja kila pembe. Ukifika unakokwenda unakishusha, kinasimama chenyewe, na pikapu inatoka chini yake kwenda dukani. Watu hudhani ni kitu chepesi kwa sababu hakina magurudumu. Nusu ya matatizo niliyoyaona kazini yalitokana na dhana hiyo.

Mimi ni mtu wa Voi. Baba alikuwa wa reli, na mimi nikaenda Mombasa kuchomelea mabodi ya malori kule Changamwe, miaka na miaka, mpaka mke wangu alipopata kazi ya uuguzi huku Sydney na mimi nikamfuata kama begi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilifika karakana na maringo yangu yote ya Changamwe, nikamwambia mzee aliyenipokea kwamba hakuna gari lililonishinda. Mzee huyo aliitwa Vince, mtu wa asili ya Malta, mfupi, mwenye nywele nyingi masikioni kuliko kichwani. Akanipa ufunguo wa pikapu, akanionyesha kampa imesimama kwenye miguu yake minne, akasema niirudishe pikapu chini yake.

Nikaurudisha ule mkia wa gari kwa kasi ya kijana, nikaukumba mguu wa kulia. Ukapinda. Kampa ikainama pole pole kama ng'ombe anayetaka kulala, na Vince akaweka gogo chini yake kabla haijafika sakafuni, bila kukimbia, maana gogo alikuwa nalo tayari mkononi. Halafu akanipa nyundo. Siku yangu ya kwanza yote niliimaliza nikinyoosha bomba la jeki, na hakuna aliyenitukana, jambo lililoniumiza zaidi. Jina langu Mwakio lilimshinda, akaniita Mack, na mpaka leo wengine wenu mnadhani ndilo jina langu.

Nilichojifunza kwake ni kidogo kuliko mnavyofikiri, lakini ndicho kilichonilisha. Kwanza, timazi. Ile timazi ya shaba, yenye uzi wa kupimia wima, iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango ilikuwa yake. Kila kampa ina mahali uzito wake wote unapokutana, na mahali hapo panatakiwa pakae mbele ya ekseli ya nyuma ya pikapu. Pakikaa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unageuka pambo. Vince alikuwa akichora alama nyekundu ubavuni mwa kampa, anashusha timazi, anatazama inapoangukia, anaguna. Kuguna mara moja maana yake sawa. Akiguna mara mbili, tunashusha na kuanza upya.

Pili, minyororo minne ya kufungia. Msiikaze mpaka ilie. Kazeni mpaka ikae, mwambieni mteja asimame baada ya kilomita hamsini, aikague tena. Wengi hawasimami. Chini ya kampa wekeni mpira isiteleze, si zulia la zamani la mama mkwe, niliwahi kuliona. Na kimo cha gari likishabeba kampa kiandikeni kwa kalamu nene mbele ya macho ya dereva, kwa sababu kuna bwana mmoja, mtu mzima na shahada zake, aliyepita na gari kwenye dirisha la wauza baga, chini ya kibanda chao, na kuliacha paa la kampa yake pale juu. Alitupigia simu akiwa bado anangoja chipsi.

Tatu, kuvuta trela. Kampa inatokeza nyuma ya pikapu, kwa hiyo ndoano ya kuvutia inabidi irefushwe kwa chuma ili ifikie trela. Mteja ataona chuma kinene, atafurahi. Mwambieni kwamba kadiri chuma kinavyorefuka ndivyo kinavyoweza kuvuta kidogo, na kwamba uzito wa trela unaokaa kwenye ndoano ni uzito wa pikapu pia. Wateja hawalipendi hilo. Wanaamini kilicho kwenye trela si mzigo wa gari, kama vile mtu abebaye mtoto mgongoni aseme hajabeba kitu kwa kuwa mikono yake mitupu.

Na la nne, ambalo Vince alilirudia mpaka siku aliyostaafu, ni kwamba karatasi hudanganya. Karatasi ya kiwandani itakuambia uzito wa kampa ikiwa haina maji, haina gesi, haina godoro, haina sufuria za mwenye nyumba. Nani husafiri hivyo? Tangi la lita mia ni kilo mia. Basi kanuni yake ilikuwa moja: gari halitoki mikononi mwetu mpaka mwenyewe alilete na mizigo yake yote ya safari, watu wote ndani, na tulipeleke kwenye mizani ya malori, ile iliyo kwenye yadi ya mchanga mtaa wa pili. Mizani ikikataa, gari halitoki. Hata kama mteja ni mchungaji. Hata kama analia.

Vince alifariki kabla ya korona, na mara nyingi nimefikiri aliepushwa na mambo mengi. Timazi aliniachia.

Mwaka wa kwanza wa korona nilidhani tutafunga. Badala yake ndege zilipoacha kuruka, kila mtu mwenye pikapu alitaka kampa. Walinunua waliokuwa wakienda likizo Bali kila mwaka, wakanunua na wasiojua kuwasha jiko la gesi. Tulikuwa tunafanya kazi kwa barakoa, miwani imejaa mvuke, tukipeana spana kwa urefu wa mkono. Vifaa vyote vilichelewa. Springi ya kawaida, ambayo zamani uliagiza asubuhi ukaipata kesho, ikawa ni ya kungojea.

Mwaka wa pili ndipo alipokuja Baba Neema.

Alikuwa Mkongo wa Uvira, mrefu, mpole, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula na anaishi Merrylands na mkewe na watoto watatu. Nilimfahamu kidogo kwa sababu kanisa lao na letu yaliwahi kuazimana viti. Aliniita Muzee tangu siku ya kwanza, na mimi sikumzuia. Alikuwa na pikapu ya mkono wa pili, safi, na alitaka kampa yoyote nzima. Nikamuuliza anaitakia nini, maana hakuonekana mtu wa kwenda kuvua samaki.

Akanieleza. Mama yake mzazi aliishi Toowoomba, kule jimbo la Queensland, na mdogo wake, mwendo wa siku nzima barabarani. Walipokuja kama wakimbizi, kina Baba Neema waliletwa Sydney, mama na mdogo mtu wakapelekwa kule. Tangu korona ianze hawakuonana. Sasa mama moyo ulikuwa umechoka na figo zimechoka, na muuguzi aliyemtembelea alikuwa amesema wageni wa kutoka mbali wasilale ndani ya nyumba. Mama Neema, ambaye anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Kwa hiyo wakaona kampa: waegeshe uani, walale humo watu watano, mchana wakae dirishani kwa mama. Mkewe alikuwa amepewa likizo ya wiki mbili mwezi wa sita, hiyo tu. Mtoto wao wa mwisho bibi yake hajawahi kumwona ila kwenye simu.

Mwanzoni alidhani mama ataweza kurudi nao akiwa amelala kitandani ndani ya kampa. Nilimwambia sheria hairuhusu mtu kukaa mle gari likienda. Aliinamisha kichwa, akasema basi itatosha kumwona.

Nilimtafutia kampa nzuri, ya zamani lakini kavu, nikaishughulikia kama yangu. Nilishusha timazi, nikaguna mara moja. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari nikamwambia alilete gari tayari kwa kuondoka, kanuni ni kanuni.

Akaja na familia yote. Neema, binti mkubwa, alinisalimia kwa Kiingereza na mama yake akamwambia aamkie vizuri, akaamkia. Nikafungua mlango wa kampa, nikasimama. Huwezi kupita. Magunia ya unga wa muhogo yalipangwa mpaka usawa wa jiko. Madumu ya mawese. Ndagala wakavu, wale dagaa wa kwao, maboksi kwa maboksi. Cherehani. Sufuria ya kupikia watu mia. Majora ya vitenge. Na juu ya kitanda, ndani ya nailoni mpya, blanketi zito la rangi ya zambarau lenye maua, la mama. Vingi havikuwa vyake hata. Kanisa lilisikia anakwenda, kila mwenye ndugu Toowoomba akatuma.

Tukaenda mizani. Kilo mia tatu na kumi juu ya kinachoruhusiwa, na ekseli ya nyuma ndiyo iliyolemewa zaidi. Nikawashusha watu wote pembeni, nikapiga hesabu ya karatasi ya mizani mara mbili, kwa matumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Bila ile mizigo ya zawadi, gari lilikuwa sawa, na nafasi ya kilo chache ikabaki.

Nikamweleza njia zilizopo. Ya kwanza, tufunge springi ngumu zaidi za nyuma na fundi mwenye leseni atie saini kwamba gari sasa linaruhusiwa kubeba zaidi; springi zinatoka Melbourne, siku kumi. Ya pili, mizigo iwekwe kwenye trela. Lakini ndoano ndefu nayo ni ya kuagiza, na ni siku zaidi ya hizo.

Kulikuwa na njia ya tatu, na mnaiona. Stoo yetu ilikuwa nusu tupu. Saa moja tu ya kushusha zawadi na kuziacha humo, wangekuwa barabarani kabla ya saa sita mchana.

Sikuisema.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya niandike. Si kwamba sikuifikiria. Nilisimama na lile neno mdomoni. Nilimwangalia yule baba, mtoto wa kwanza, anakwenda kwa mama yake mgonjwa baada ya mwaka na zaidi, na kanisa zima limeweka vitu vyake mikononi mwake. Nitamwambiaje aende mikono mitupu? Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyolelewa sote, wa Voi na wa Uvira. Mwaka nilioachishwa kazi Changamwe nilikwenda nyumbani bila hata kilo ya sukari. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mizigo yangu inakuja na treni. Siku tatu aliwaambia hivyo, na siku tatu nilikaa ndani nikitazama ukuta. Mtu aliyepitia hilo hamtwishi mwenzake aibu ile. Ndivyo nilivyojiambia.

Nikamuuliza mama ana hali gani hasa. Akasema, akitazama matairi, kwamba daktari amewaambia wenye kuja waje. Kisha akaniuliza, "Siku kumi, Muzee?"

Nami nikamjibu kwa sauti ya mkubwa, mkono begani kwake, "Haraka haraka haina baraka, Baba Neema. Tutafanya vizuri, mtafika salama."

Alinitazama kitambo kirefu kidogo. Nilidhani anahesabu siku. Halafu akashukuru, wakaiacha kampa kwangu na mizigo yake yote ndani, wakarudi Merrylands na pikapu.

Mnajua kilichofuata, mlikuwepo. Siku ya nane Queensland ilifunga mlango kwa watu wa Sydney, na sisi wenyewe tukafungiwa. Springi zilifika siku mbili baadaye, zimefungwa vizuri, na karatasi ya shukrani kwa uvumilivu wetu. Baba Neema akaleta pikapu, nikazifunga siku hiyo hiyo. Fundi akatia saini. Gari likawa tayari kwenda mahali ambapo haliruhusiwi kwenda.

Baba Neema alijaza fomu za kuomba ruhusa ya pekee. Nilimsaidia kwa simu, neno kwa neno, mke wangu naye akaandika barua kama muuguzi. Fomu zilikuwa nyingi na waombaji wengi zaidi. Mitaa ya upande wao ikabanwa kuliko yetu. Kutoka ni kilomita tano tu, na kati ya Seven Hills na Merrylands ni zaidi. Wanajeshi walipopita na polisi kugonga milango, kuuliza kama watu wako ndani na wana chakula, walikuwa wapole, lakini Mama Neema alinieleza kwamba mumewe alikaa bafuni mpaka walipoondoka. Alipokuwa Uvira hakuna mwanajeshi aliyegonga kuuliza habari ya chakula.

Kampa ilibaki uani kwetu karakana kwenye miguu yake minne. Kila asubuhi nilikuwa naingia mle kugeuza magunia yasishike unyevu. Harufu ya mawese na ndagala ilinishika nguoni, mke wangu akiniuliza nimekula kwa nani. Niliziba tundu moja la panya kwa bati. Nilifuta vumbi kwenye nailoni ya lile blanketi. Nilijua kabisa kwamba hayo hayasaidii kitu, na kesho yake nikarudia.

Mama yule aliishi wiki tano baada ya mlango kufungwa. Wiki tano ni nyingi. Kila jioni alishikiwa simu, na mwanawe alimsomea Zaburi, na siku nyingine mama alimwita Baba Neema kwa jina la mumewe marehemu. Kila wiki iliyopita niliihesabu, maana kila siku aliyoishi ilikuwa siku ambayo wangekuwa naye, watu watano dirishani kwake, na likizo ikiisha Baba Neema peke yake, kama ningefungua mdomo wangu Jumamosi ile. Angekufa siku ya tatu ningejiambia wasingemkuta vyovyote. Hakunipa nafasi hiyo.

Ujumbe wa msiba ulikuja kwenye simu nikiwa chini ya gari. Nilibaki pale pale chini. Mmoja wenu alidhani nimeumia, akaja kunivuta mguu. Nilimwambia ni mgongo.

Kwetu msiba ni kukaa. Huendi kusema maneno, unakwenda kukaa, uonekane umekaa. Mimi nilikaa kwenye kiti jikoni kwangu, koti nimevaa, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Tulikuwa vijidirisha themanini hivi. Mazishi tuliyaona kupitia simu ya mdogo mtu, aliyeishika ikitazama chini, kwa hiyo tuliona zaidi nyasi na viatu. Walipoanzisha wimbo, sauti zilikuja kila moja kwa wakati wake, ya Merrylands mbele, ya Toowoomba nyuma, ya Uvira nyuma zaidi, mpaka mtu akasema tuzime sauti wote aimbe mmoja. Akaambiwa Baba Neema aimbe. Aliimba peke yake beti mbili, sisi themanini tukifungua midomo bila sauti. Nimechomelea vyuma maisha yangu yote na sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho.

Majibu ya fomu yalikuja baadaye. Walimpa pole.

Mlango wa Queensland ulifunguliwa karibu na Krismasi. Baba Neema alinipigia, akasema anakuja kuchukua kampa, wanakwenda kuona kaburi. Mimi nilikuwa nimeshamwambia bosi kwamba naacha kazi mwaka ukiisha. Nilitaka ile iwe kazi yangu ya mwisho, na ikawa.

Walikuja asubuhi. Tulishusha mizigo pamoja. Unga ulikuwa umeingia fukusi licha ya kugeuza kwangu kote, tukautupa, gunia kwa gunia. Ndagala tuliwatupa pia. Cherehani na sufuria waliokuwa wametuma walikuja kuvichukua. Dumu moja la mawese alinipa mimi, nikakataa, akaniwekea miguuni. Blanketi alilitoa mwenyewe, akalibeba kama mtoto, akaliweka kiti cha mbele karibu na mkewe.

Niliirudisha pikapu chini ya kampa taratibu, sikugusa mguu wowote. Nikashusha timazi. Halafu nikamwambia twende mizani, kanuni ni kanuni, naye akasema sawa.

Mizani ikasoma. Kwa springi mpya na gari tupu namna ile, alikuwa na nafasi kubwa mno. Nikamwambia, kwa mazoea tu ya kazi, kwamba ana nafasi ya kilo mia tatu na zaidi.

"Ya kupelekea nani, Muzee?" akaniuliza.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia pale pale juu ya chuma cha mizani, lori la mchanga linatungoja nyuma. Nikamwambia nilijua njia ya tatu siku ile. Stoo ilikuwa wazi. Ningemwambia aache mizigo angefika kwa mama na wiki zote zile angekuwa naye. Niliona haya kumwambia aende mikono mitupu, na nimekosa, na naomba anisamehe.

Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema:

"Muzee, mi nilijua pia. Nilipoona ile karatasi ya mizani nilijua. Lakini mutoto hawezi kujiambia mwenyewe aache bintu bya kanisa, aende kwa mama mikono bule. Mukubwa njo anaweza kusema. Nilikuwa nangojea weye useme. Kama ungesema acha, ningeacha."

Mwenye lori akapiga honi. Tukaondoka kwenye mizani. Nilikagua minyororo yote minne, nikaikagua mara ya pili ingawa ilikuwa imekaza, kisha nikasimama pembeni na wao wakaenda.

Timazi iko kwenye msumari wake, msiitumie kufungulia soda. Pimeni kila gari, na mizani ikikataa, kataeni nayo. Katika hilo sijabadilika, na Vince hakukosea. Lakini ukiona mtu wetu amesimama na karatasi ya mizani hasemi kitu, anakutazama kitambo kirefu kuliko kawaida, usidhani anahesabu siku. Anangoja mkubwa amtue mzigo. Mwambie auache, hata kama utaona haya, hata kama kanisa zima litanuna. Mimi sikumwambia Baba Neema, na neno nililomnyima alikuwa amesimama akilingoja pale mbele yangu, mkewe na watoto wake watatu wakingoja pembeni, tayari kwa safari.